Andika Watoto Watatu

Kaeni chini wote, na wewe Filemoni itoe nje hiyo simu, mbao zako za Iringa mjini hazitaoza ukikaa na baba yako saa moja. Esta, yako usiizime, yako nataka inirekodi, iweke hapa kwenye stuli karibu na mdomo, sauti yangu siku hizi inatoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Eveline, acha kukunja shuka. Nimesema acha, mwanangu, utazikunja nikishaondoka. Faustina, mjukuu wangu, kaa hapo karibu na mama yako, una miaka kumi na mitatu na haya ninayosema yanakuhusu. Mwinjilisti Clement, karibu kiti, siyo hicho, hicho mguu wake mmoja ni mgonjwa kuliko mimi. Na wewe Joachim, katibu wetu, sogea mezani penye mwanga wa dirisha, fungua daftari uandike ninavyosema, na usininyooshee maneno.

Andika kwamba mimi Sosthenes, mzee wa kanisa katika mtaa huu kwa miaka thelathini na mmoja, nasema haya nikiwa na akili zangu zote. Andika na kwamba ni mapafu yaliyochoka, kichwa ni kizima, maana nawajua, kesho mtasema zilikuwa dawa.

Sikilizeni, wanangu. Tangu Jumatatu mnakutana hapo sebuleni kupanga mazishi yangu, mnanong'ona kama watu wanaoiba kuku, na mmesahau kwamba ukuta huu niliujenga mimi mwenyewe, ni wa tofali moja, nasikia hata mtu akijikuna. Nimesikia mabishano ya pilau na wali mweupe. Nimesikia mkipigia kura kitenge cha sare, kijani au zambarau, vikao vitatu, jamani, kanisa la watu sitini na madirisha manne, vikao vitatu vya kitenge! Kuna hata mtu mmoja, sitamtaja, Esta, aliyeuliza kama kuna dalili nitawahi kuondoka kabla ya kuvuna viazi. Sijakasirika kwa hilo, viazi ni viazi. Kinachonichosha ni kwamba siku zote hizo hakuna hata mmoja aliyeingia humu kuuliza, baba, una neno gani. Aliyeingia ni yule aliyekuja kunigeuza ubavu.

Nianze na mali, nisipoanza nayo hamtasikia kitu kingine. Filemoni, mipaini yote ya mlimani ni yako, na nakuomba usiikate ikiwa myembamba kwa kuwa mfanyabiashara amekuja na gari zuri. Isubiri, mimi niliipanda nikijua sitaiona ikikatwa. Esta, chukua ng'ombe wote wawili na cherehani ya mama yako, mumeo huko Mbeya atatafuta pa kuwafuga. Nyumba hii, na vinyungu vyote vya bondeni kuanzia mfereji mpaka kwenye migomba, ardhi ile yenye unyevu inayotulisha kiangazi wakati mashamba ya juu yamekauka, ni ya Eveline. Filemoni, usinitazame hivyo. Nimesema ya Eveline, na Joachim ameshaandika, nimesikia kalamu.

Mianzi ni ya wote. Najua mwinjilisti angependa niseme ikatwe kwa sababu ya ulanzi, pombe inayogemwa humo, amehubiri juu ya ulanzi masika nane mfululizo, na masika yote nane nimekuwa nikiona dumu lake la njano limejificha nyuma ya banda langu la nguruwe likisubiri kujazwa. Mjazieni, wala msimseme. Na ile rimu ya lori inayogongwa kanisani badala ya kengele ni mali yangu. Hamkujua? Sikuwahi kuitoa, niliwaazima tu, na kila kikao kiliponiudhi nilitishia kuja na spana niishushe. Miaka ishirini na miwili nimewatisha watu wa Mungu kwa rimu. Leo nimeitoa, ni ya kanisa, andika, na andika kwamba nimeona aibu.

Nipe maji, Eveline. Kidogo tu. Basi.

Sasa geuza ukurasa, Joachim, tunaingia kwenye jambo lililonifanya nikuite wewe, na siyo mwandishi mwingine, ingawa wote mlidhani nimekuita kwa sababu ya hati yako nzuri.

Miaka kumi na minne iliyopita, asubuhi, mama yenu anamenya viazi jikoni, Eveline alikuja akasimama mbele yetu akasema ana mimba. Alikuwa na miaka ishirini, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mama yenu aliweka kisu chini. Mimi nikauliza ni ya nani, nikiwa nimejiandaa kusikia jina la dereva wa lori au mwalimu wa mazoezi, mtu wa kupita, ambaye ningemlaani kwa raha. Akataja jina. Ni jina la mtu niliyekuwa nakaa naye benchi moja kila Jumapili, mwalimu wetu wa kwaya.

Mbona kalamu imesimama? Andika. Andika Joachim.

Filemoni, kaa chini. Kaa! Ungetaka kumpiga mtu ungekuja miaka kumi na minne iliyopita, na ungeanza na mimi. Esta, mshike ndugu yako. Joachim, na wewe usiinuke, hapana aliyekufukuza, rudi mezani, kazi haijaisha. Unasema nini? Sema kwa nguvu, simu isikie. Haya, amesema ni kweli. Basi andika kwa mkono wako kwamba umesema ni kweli.

Mnaona mimi nimefichua siri ya mwenzangu na mnataka kumrukia yeye. Ngojeni kwanza niwaambie ya kwangu, maana lake ni kosa la kijana wa miaka ishirini na mitano, na langu ni la mzee wa kanisa mwenye mvi.

Mchana wa siku ileile nilikwenda kwake. Alipiga magoti kwenye majani ya maboga, akalia, akasema, mzee, nitasimama mbele ya kanisa, nitatubu, nitamwoa, naomba tu iwe baada ya mashindano. Mashindano ya kwaya yalikuwa yamebaki wiki tano, pale Iringa mjini, na mnaujua utaratibu wetu, mwalimu wa kwaya akitengwa na Meza ya Bwana kwaya nzima haipandi jukwaani. Zawadi ya kwanza ilikuwa kinanda. Sisi tulikuwa tunaimbia ngoma na kayamba, na mitaa yote ya jirani ilikuwa na vinanda, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshachagua kona ya kukiweka, nimeshamwambia fundi apime kitambaa cha kukifunika. Nikamwinua pale kwenye maboga nikamwambia, sawa, baada ya mashindano.

Lakini tumbo la Eveline halikujua mashindano. Watu walianza kutazama, akina mama walianza kunyamaza akipita, na mimi ndiye niliyekuwa nasoma majina ya wanaotengwa, kwa hiyo ningemruka vipi wa kwangu? Nikamwita nikamwambia, utasimama Jumapili, utaulizwa, utakiri, utatengwa miezi michache kisha utarudishwa kundini kama wengine, ila taja kosa, usitaje jina. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemtuma binti yake chumvi.

Nikalisoma jina lake mwenyewe. Akaja mbele amevaa gauni la bluu la mama yake. Mwinjilisti wa wakati ule, marehemu, akamuuliza, unakiri? Akasema, nakiri. Kisha akasema, lakini sitasimama hapa peke yangu. Akageuka akatazama upande wa kwaya, akasubiri. Kanisa lote lilidhani anatafuta ujasiri wa kumalizia maneno, kumbe anamsubiri mtu ashuke kwenye ule mstari wa wanaume. Alisubiri, wanangu. Nilihesabu vioo vya dirisha mara mbili. Joachim alikuwa anapekua kitabu cha nyimbo na mimi nilikuwa natazama dari, na lile kanisa halina dari, lina bati tu. Halafu akatembea katikati ya mabenchi, akatoka, na mimi nikaandika kwenye kitabu cha wazee neno moja, amekaidi.

Wiki iliyofuata alikwenda Rujewa kupepeta mpunga mashineni, na Faustina alizaliwa huko.

Na sisi tukaenda Iringa juu ya lori la viazi, tumevaa majoho. Kwaya zilikuwa saba. Tukawa wa tano! Nilimtoa binti yangu kwa ajili ya kinanda, na kinanda chenyewe hatukukipata. Nikikumbuka hapo huwa natamani kucheka, kisha kifua kinakataa.

Mtauliza, na baada ya mashindano? Baada ya mashindano Joachim alikuja kuniambia kwamba Eveline amekataa kupokea barua zake, na nilifurahi, ndiyo, nilifurahi, kwa sababu jambo lilikuwa limetulia. Kisha matangazo ya ndoa yake na binti wa watu yakasomwa Jumapili ya kwanza, ya pili na ya tatu, mwinjilisti anauliza kama kuna mwenye pingamizi, na mimi mwenye pingamizi nimekaa mbele kabisa nakohoa. Akawa katibu. Watoto wake wakabatizwa. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake ya kutosema, mwaka wa kuezeka, mwaka wa ugeni wa askofu, mwaka wa jubilei, mpaka nikaona kusema sasa kutaonekana ni uchokozi. Mama yenu hakunigombeza hata siku moja. Alinipikia miaka yote iliyobaki, anaweka chakula mezani, anatoka, hasemi karibu.

Sasa sikilizeni la mazishi yake, maana hapa ndipo ninapokosa hata pa kuweka uso. Mnakumbuka ilivyo, kwamba mtu akizikwa katibu husimama kando ya kaburi akasoma historia ya marehemu, alizaliwa wapi, alibatizwa lini, ameacha nani. Ile ya mama yenu niliiandika mimi, Joachim akaisoma kwa sauti yake nzuri ya kwaya, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu wanne. Wawili! Filemoni na Esta mkaitwa kuweka mashada. Mlisikia. Mlikuwa watu wazima wenye masikio, mlijua mlizaliwa watatu, mkaweka mashada mkarudi mkaketi. Eveline alikuwa amekuja na basi kutoka Rujewa, amesimama kule kwenye mikaratusi, nje ya uzio, ameshika mkono wa huyu mtoto, na mtoto akamuuliza, mama, hao wawili ni akina nani? Sikulijua swali hilo mpaka wiki tatu zilizopita. Eveline alikuwa ananiosha mgongo, akanisimulia taratibu, hakuna hasira, kisha akaniambia niinue mkono aoshe kwapa.

Yeye ndiye aliyekuja. Filemoni ulikuwa na shughuli, na Esta umekuwa ukinitumia maombi kwenye simu, maombi mazuri, yana hata picha za maua. Eveline aliacha jaruba lake la mpunga Madibira wakati wa palizi akaja, hakuna aliyempigia, alisikia kwa watu wa sokoni. Na mimi, hebu sikieni ujinga wa mtu mzima, siku ya pili tu, bado ananilisha uji, nikamwambia, ukitaka nitaongea na mwinjilisti ili utubu urudishwe kundini. Akafuta kidevu changu. Akasema, baba, mimi sikupotea, nilikuwa Rujewa.

Nimelala na neno hilo miezi mitatu.

Mwinjilisti Clement, usiinamishe kichwa, zamu yako imefika na ni fupi. Jumapili mbili zilizopita nilikuomba ulisome jina langu kanisani, kwamba Sosthenes ametengwa na Meza ya Bwana kwa kuficha na kwa kumtesa asiyestahili kuteswa. Ukaniambia, mzee, utaharibu heshima ya mtaa, na tena tumeshakuandalia cheti cha utumishi, kina fremu. Fremu! Ulipoleta Meza ya Bwana hapa kitandani nikafunga mdomo, ukawaambia hawa kwamba mzee hawezi tena kumeza. Nilikuwa naweza kumeza vizuri. Nilikuwa nimekula parachichi zima asubuhi ile.

Kwa hiyo nawaagiza. Sitaki cheti. Kitenge chagueni rangi yoyote, vaeni hata magunia. Siku ya kunizika, maneno haya yote yasomwe kando ya kaburi kabla ya neno la mchungaji, na atakayeyasoma ni katibu, kama ilivyo desturi yetu, mwanzo mpaka mwisho, na rimu isigongwe mpaka amemaliza. Joachim, ukiruka mstari Esta ataiweka simu yake kwenye spika ya kwaya na watu watanisikia mimi mwenyewe. Sikufanyii hivi kwa chuki. Nimekuonea pia, nilikuinua pale kwenye maboga ulipokuwa umepiga magoti mahali sahihi, nikakurudisha kwenye uongo, nikakufungia humo. Ukitoka hapa nenda moja kwa moja nyumbani ukamwambie mkeo, leo, jua lingalipo. Ni mwanamke mwema, amenipikia supu mara mbili. Asije akasikia makaburini, amebeba shada, pamoja na watu.

Na asitokee mtu wa kumwita Eveline asimame mbele. Wazee wa kanisa wote waje hapa, mlangoni kwake, wampe mkono, na akitaka kuwapokea atawapokea, na asipotaka mtarudi makwenu, hamtaandika kwamba amekaidi. Meza ile akitaka kuirudia ni shauri lake na Mungu wake. Faustina aingie darasa la kipaimara kama watoto wengine, asiulizwe swali ambalo wenzake hawaulizwi. Hiyo sauti yake mmeisikia wote kwenye kwaya tangu alipofika, na wote mlijua imetoka wapi, mkaangalia bati kama mimi.

Esta, inua mto. Hapo. Hewa inakuwa... nyembamba. Hapana, msimwite daktari, sijamaliza.

Filemoni, njoo. Mungu akupe subira, hicho ndicho ulichokosa, vingine unavyo. Usigombane na dada yako juu ya bonde, ukigombana naye unagombana na mimi, na mimi sitakuwepo kukujibu. Esta, Mungu akupe... akupe miguu, mama, uje nyumbani kwa miguu yako, siyo kwa simu. Faustina, lete kichwa. Mkono wangu hauna nguvu, lakini ni mkono wa babu yako, uhesabu hivyo. Mungu akae na sauti yako. Imba hata nikiwa nimefunikwa, nitakuwa... haya.

Eveline. Wewe sina haki ya kukubariki. Nitakubariki hata hivyo, unisamehe na hilo. Kila ulipopita bila mtu wa kukupokea, Mungu awe alikuwepo. Nyumba ni yako. Kiti kibovu kichome.

Joachim, bado unaandika? Usilie juu ya daftari, wino utaenea. Limebaki jambo moja. Ile historia ya marehemu, sehemu ya mwisho, usingoje mtu akupe karatasi. Andika sasa. Sosthenes ameacha... watoto watatu. Kwa maneno, siyo kwa namba. Wataje. Filemoni. Eveline. Esta. Kwa mpangilio wa kuzaliwa, yeye ni wa katikati. Na wajukuu watano, na wa kwanza wao ni Faustina.

Umeandika? Soma.

Sisikii. Soma tena, kwa ile sauti yako ya makaburini. Mtoto aliuliza swali siku ile, na hakujibiwa.

Soma tena.